Maji Niliyoyamwaga Siku ya Mgawo

Watu wa mtaa wetu hupima maji kwa macho. Yakiwa meupe, ni mazuri. Yakiwa na rangi, wanayaacha kwenye ndoo yatulie mpaka yawe meupe, halafu ni mazuri. Nilikua nao, nikaondoka, nikasoma, nikafanya kazi Dar es Salaam miaka minane, nikarudi, na nikawakuta palepale, wameinamia ndoo, wanatazama.

Mimi sikusomeshwa na mtu. Nilishuka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, upande wa Segese, nikabeba viroba vya mawe mgongoni mpaka karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, na kila nilichopata kilikwenda kwenye ada. Wenzangu walinunua pikipiki na redio za kutikisa madirisha. Mimi nilinunua diploma ya maji na usafi wa mazingira. Ina muhuri, ina fremu, na iko ukutani kwa mama yangu, kwenye nyumba ya tofali za saruji niliyomjengea mwenyewe. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyewahi kupewa karatasi na chuo. Mtu akisema ni majivuno, sawa, ni majivuno. Nimeyabeba kwa mgongo.

Nilirudi kufanya kazi kwenye ofisi ya maji ya mji mdogo nilikozaliwa, huko njia ya kutoka Katoro kwenda Ushirombo. Ni mji ulionenepa kwa dhahabu bila kuongezeka akili. Kuna maghorofa yenye vioo vya bluu, na hakuna bomba hata moja la majitaka. Kila nyumba ina shimo lake. Shimo likijaa, mtu mwenye akili huita gari la kunyonya. Wa kwetu husubiri mvua. Ikishuka kubwa, hutoboa ukuta wa shimo kwa sururu, na vyote vilivyomo huondoka na maji ya mvua kwenda kwa jirani wa chini. Kitendo hicho wanakiita kutapisha choo, na hulitamka neno hilo bila aibu, kama mtu anayesema amepalilia mihogo.

Jirani wa chini kabisa, kwenye mtaa huo, ni mama yangu.

Maji tuliyatoa kwa mgawo. Zamu ya mtaa ilikuwa Alhamisi kuanzia saa nne asubuhi, kwenye kioski kimoja chenye koki nne, mwisho wa bomba, karibu na mlango wa mama. Meneja wangu alikuwa mtu wa mabango. Kila ukuta wa ofisi ulikuwa na maneno ya kuwataka wananchi watunze kila tone. Chini ya bango mojawapo palikuwa na koki iliyodondosha maji mwaka mzima, mpaka sakafu ikaota ukijani, na yeye alipita hapo kila siku akiwa amebeba bango jipya.

Jumatano moja ilinyesha mvua ya kuvunja miti. Alhamisi asubuhi, saa mbili, nikashuka kando ya mtaro kukagua bomba kabla ya zamu. Harufu ilinipokea mapema. Nikamkuta mwenye nyumba mmoja, mzee aliyetajirika kwa kununua dhahabu ya wachimbaji, mwenye wapangaji wa vyumba kumi na viwili na shimo moja la choo. Alikuwa ameshika koleo, anafukia tundu. Amenizidi miaka ishirini, na sikumpa shikamoo.

“Mwangaluka, injinia!” akaniita kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

“Umetapisha.”

“Mvua ndiyo imetapisha. Mimi nimefungua mlango tu.”

“Gari la kunyonya lipo Geita. Ungepiga simu.”

“Gari la Geita linataka bei ya ng'ombe. Hili la mbinguni ni bure, na dereva wake hajawahi kuniomba chai.” Akacheka mpaka akaegemea koleo. Wapangaji wawili waliokuwa wanapiga mswaki wakacheka naye, kwa sababu ndiye mwenye funguo za vyumba vyao.

Nikaendelea kushuka. Chini ya ukuta wake bomba letu linapita ndani ya mtaro, na hapo nikaona kitu ambacho ni watu wale tu wangeweza kukifanya. Siku zisizo na zamu, mjanja fulani alilikata bomba ili akinge matone yaliyobaki ndani. Alipomaliza, alilifunga kwa tyubu ya baiskeli, akakaza fundo vizuri, akaenda zake akiamini ametengeneza. Tyubu ile ilikuwa imezama kwenye maji ya choo. Nilipoisogeza kidogo kwa kidole, nikayaona maji ya mtaroni yanazunguka na kuingia ndani. Bomba likifungwa na kukauka huwa linavuta. Lilikuwa limevuta tangu jana jioni. Saa nne, maji yakifunguliwa, vyote vile vingesukumwa mpaka kioski, na mtaa mzima ungevinywa, mama yangu akiwamo.

Nikampigia meneja, nikamwomba tuahirishe.

“Hawajapata maji tangu wiki jana, na diwani anapita leo,” akasema. “Ziba, ufungue. Na usimwage maji, tafadhali. Tuko kwenye kampeni.”

Nikakata kipande kile, nikaunga kwa kiungio kipya, nikiwa nimepiga magoti kwenye uchafu wa mzee yule. Kisha nikamfuata mama muuza maji wa pale kioski, nikachukua funguo zake, nikafunga kioski kwa kufuli. Saa nne ilipogonga, nikafungua washauti, ile valvu kubwa ya mwisho wa bomba ya kutolea uchafu, maji yakamwagika uwanjani.

Foleni ya madumu ilikuwa imefika mpaka kwenye duka la mbolea. Kwanza walitazama. Maji yalitoka ya kahawia, yananuka. Baadaye yakawa ya kijivu. Baada ya nusu saa yakawa meupe, na hapo ndipo walipoamka.

“We injinia, unamwagilia barabara? Umepanda nini hapo?”

“Muacheni, ndivyo wanavyofundishwa Dar!”

“Mama muuza maji, mnyang'anye funguo huyo!”

Mwenye nyumba yule naye alikuwa amefika, na madumu yake sita. “Jamani, bango la ofisi yao linasema tone moja lina thamani,” akatangaza. “Hesabuni wenyewe.” Wakaangua kicheko.

Sikuwajibu. Niliona ni kujishusha. Nilikuwa na kichupa changu cha kupimia na vidonge vyake. Unakinga maji, unatia kidonge, na yakigeuka rangi ya waridi ujue dawa ya klorini bado ipo. Nilikuwa nimepima mara mbili, na mara zote mbili maji yalibaki meupe kama kioo. Dawa yote ilikuwa imeliwa na uchafu. Lakini ningewaeleza nini watu ambao kwao weupe ndio kipimo?

Ndipo mama yangu akatoka kwenye foleni. Alikuja taratibu, ndoo mkononi, bila kumtazama mtu, kwa uhakika wa mwanamke aliyemzaa mwenye funguo. Foleni nzima ikageuza shingo kuona. Kama mama wa injinia angekinga, wote wangekinga, na nisingekuwa na mikono ya kuwazuia.

“Mayu, usikinge,” nikasema.

“Ndoo moja tu, mwanangu. Yamekuwa mazuri.”

Akaiweka chini ya washauti. Ikaanza kujaa. Nikaipiga teke.

Kwetu Usukumani mtoto hasogezi hata kigoda cha mama yake kwa mguu. Ndoo ilibiringika mpaka miguuni mwa watu, ikapasuka mdomo. Mama alilowa khanga mpaka kiunoni. Aliiokota, akarudi nyumbani, na watu wakampisha njia kama wanavyompisha mfiwa.

“Mmeona?” mwenye nyumba akasema. “Hiyo ndiyo diploma.”

Nilimwaga maji nusu saa nyingine. Kichupa kilipogeuka waridi mara tatu mfululizo, nikafunga washauti, nikafungua kioski, nikamrudishia mama muuza maji funguo zake. Walichota huku wananitukana. Meneja alipiga simu mara nne. Sikupokea.

Mchana nikaenda kwa mama na madumu mawili niliyochota mwenyewe. Alikuwa ameketi mlangoni, khanga nyingine mwilini.

“Ungeniambia,” akasema.

“Nilikwambia usikinge.”

“Uliniambia usikinge. Hukuniambia kwa nini.”

Nikamwambia. Nikamweleza shimo, sururu, tyubu ya baiskeli, na kilichokuwa kinaingia ndani ya ndoo ile. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na wale wengine umewaambia?”

“Wangeelewa nini wale?”

“Mimi nimeelewa,” akasema, “na sijawahi kushika kalamu.”

Akasimama. Akachukua ndoo yake iliyopasuka, akapanda mtaa, nami nikamfuata kwa nyuma. Akasimama mbele ya geti la mwenye nyumba na kuanza kusema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, akitaja kimoja kimoja kilichotoka kwenye choo chake na njia kilimopita mpaka kwenye ndoo za watu. Hakuacha hata kile ambacho mimi, kwa elimu yangu, ningekiita kwa jina la heshima. Milango ikafunguka. Wapangaji wake wenyewe wakatoka. Mwanamke mmoja akainama, akatapika.

“Mama, tuongee ndani,” mzee yule akasema. “Karibu, shikamoo, karibu ndani.”

Mzee yule alikuwa rika la mama. Hakuwa na sababu ya kumwamkia.

“Nimesimama pazuri,” mama akamjibu, akaanza upya tangu mwanzo kwa ajili ya waliochelewa kufika.