Baridi ya Bi Kidawa

Mboni, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ndiye aliyeleta habari kwamba Amina wa Arusha, binti wa Bi Kidawa, kapata nafuu. Mjukuu wa Mboni alikuwa amemsomea kutoka kwenye simu.

"Mgonjwa anakula," akasema, akijiweka sawa mkekani. "Na si uji. Anakula bata. Wameandika mpaka kwenye simu."

Mume wangu Musa alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Akauliza, "Wameandikaje, bibi?"

"Wameandika, 'Bi mkubwa anakula bata Arusha.'"

Musa alicheka mpaka akakaa chini. Alipotulia akamweleza kwamba kula bata ni maneno ya vijana wa Dar, maana yake mtu anastarehe, na huyo bi mkubwa si Amina, ni mama yake. Akatoa simu yake akatuonyesha. Bi Kidawa amekaa nje ya duka lenye kuta za vioo, sweta la kijani mpaka shingoni, kofia ya sufu, aiskrimu mkononi. Pembeni yake Amina, mzima wa afya, ameshika ya kwake.

Mboni aliitazama ile picha kwa muda. "Kumbe bata ndiye huyu," akasema.

Hapa Miteja Bi Kidawa ndiye mkandaji. Mwanamke akijifungua, yeye huja asubuhi na jioni kwa siku arobaini. Anamkanda tumbo kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, anamfunga mkaja, kitambaa cha kubana tumbo, anampikia uji wa pilipili manga, anamwosha mtoto. Siku ya arobaini humbeba mtoto akamtoa nje kwa mara ya kwanza, mbele ya wanawake wote, wakapiga vigelegele na kumtunza yeye kanga. Kazi hiyo aliianza alipofiwa na mume wake wa kwanza, kabla mama yangu hajaolewa. Wengine aliowatoa nje sasa wana wajukuu. Yeye mwenyewe kaskazini alikuwa hajavuka Mbagala.

Adui yake katika kazi hiyo ni mmoja tu, baridi. "Baridi ikiingia kwa mzazi haitoki," hulisema hilo kila siku kama anayetoa salamu. Siku ya tatu tangu nijifungue alinikuta nimesimama sakafuni bila kandambili. Alinisema mpaka maji ya kukandia yakapoa, ikabidi ayachemshe upya. Dirisha langu akaliziba kwa gunia la ufuta. Feni aliyoiazima Musa ikarudi ilikotoka. Maji ya mtungi nikayasikia kwa jirani tu.

Siku ya kumi na moja alikuja amevaa baibui, mkoba begani. Amina amelazwa, akasema, na huko ugenini hana wa kumwuguza. Nilimwambia aende. Mama yangu yuko Kipatimu, anamwuguza baba asiyeweza kujigeuza kitandani, kwa hiyo kuuguza nakujua. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki. Alhamisi ile wanawake walikusanyika barazani kwa Mboni wakamsomea mgonjwa dua, nami huku chumbani nikaitikia peke yangu.

Siku ya kumi na sita ziwa la kushoto likawa gumu kama nazi. Homa ikanipanda. Imani, binti yangu, akilishika analiachia, analia mpaka sauti inakauka. Mboni akaja na kitambaa cha moto. Hajui kukanda, aliniunguza kidogo, lakini alikuja. Asubuhi Musa akanipakia kwenye bodaboda mpaka zahanati.

Nesi akaniuliza, "Hakuna mtu mzima nyumbani wa kukukamulia mapema?"

Nikamwambia yupo, anauguza.

Jipu likapasuliwa. Siku tisa mtoto alinyonya upande mmoja. Ile mikunjo ya unene kwenye mikono yake ikafutika mmoja mmoja, kila nikimwogesha naitafuta siioni. Mimi nilikuwa natazama hiyo, mwenzangu anatazama milima.

Basi baada ya ile picha nikamwomba Mboni amtoe Imani nje siku ya arobaini. Mboni hakai na neno. Jua halikuzama kijiji kizima kikajua. Na maana yake kila mwanamke anaijua. Mkandaji aliyenyimwa mtoto mbele ya watu, hakuna nyumba itakayomwita tena.

Siku ya thelathini na sita, saa saba mchana, Bi Kidawa akashuka kwenye basi akaja moja kwa moja kwangu. Sweta la kijani bado liko mwilini. Jasho lilimtiririka nyuma ya masikio.

"Hodi wenyewe."

"Karibu. Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Mgonjwa je?"

"Alhamdulillahi, kainuka. Lakini mitihani, mwanangu, mitihani." Akajipangusa uso kwa mkono wa sweta.

"Si uvue hilo sweta?"

"Mwili umeshazoea kule. Hapa kwenu pana joto, mnakaaje?"

Siku ishirini na tano tu, Miteja imeshakuwa kwetu, si kwake.

Nikanyamaza. Bi Kidawa hawezi kunyamaziwa, ukimya wa mtu humvuta maneno yaliyoko tumboni. Habari za wodini zilimwishia upesi. Nilipouliza Amina alikuwa anaumwa nini hasa, akasema mwili, mwili wote. Kisha zikaanza za kula.

"Kuna mkate unaitwa piza. Mpana kama ungo, juu wamepaka nyanya na kitu cha maziwa kinavutika. Ukiuma, kinakufuata. Na chipsi kuku, kuku mwenyewe mnene, si hawa wenu wa kukimbizana nao. Na mtori, ndizi na nyama vimepondeka pamoja, unakunywa asubuhi nje kuna ukungu. Halafu ukisema neno, moshi unakutoka mdomoni. Nilikuwa naamka alfajiri nakwenda uani kusema tu."

"Kusema nini?"

"Chochote. Nataja majina ya watu, nautazama moshi."

"Na wewe umetajwa huku. Baridi haikukuingia?"

"Baridi ya kule ni safi. Haina madhara."

Huyu ndiye aliyeziba dirisha langu kwa gunia.

"Na bata, Bi Kidawa? Ni mtamu?"

"Bata gani?"

Nikachukua simu ya Musa nikamwekea picha mbele ya macho. Aliiangalia, akaangalia mlango, akarudi kwenye picha. Kisha akaanza kulivua sweta, taratibu, mkono mmoja mmoja. Chini yake alikuwa na gauni lake lilelile la kazi, limelowa mgongo mzima.

"Nani mwingine kaiona?"

"Mboni."

"Basi kijiji." Akalikunja sweta magotini. "Ningesemaje, mwanangu? Mwanamke wa hapa hasafiri mpaka mtu afe au alazwe. Nikisema nakwenda kutembea tu, nakwenda kusikia baridi inafananaje, nani angeniruhusu?"

"Mimi ningekuruhusu. Siku ya arobaini na moja."

Nikashusha kanga nikamwonyesha kovu. Alilitazama kwa macho ya kazi yake, akainamisha kichwa kushoto, kulia.

"Wamepasua kwa chini," akasema. "Hapo maziwa yatapita."

Hata pole hakutoa. Mtoto wangu alikuwa amelala kifudifudi mkekani, akanyoosha mguu mmoja, na Bi Kidawa akaunyoosha mkono, kisha akaurudisha mwenyewe kabla sijasema kitu.

"Nimeambiwa pale kituoni," akasema. "Sijateremsha hata mkoba, watu wananipa habari. Kwamba Mboni ndiye anamtoa."

"Ndiye."

"Mboni hajawahi kumtoa mtoto. Hata kumshika shingo hajui."

"Alikuwepo."

Akageuka akakaa ananielekea, magoti yake yakagusa mkeka wa mtoto. Sauti yake ilishuka, ya mtu anayepatana bei na anajua hana cha kutoa.

"Sikuombi unisamehe," akasema. "Mboni amtoe chumbani, amshike ukumbi mzima, vigelegele viwe vyake, kanga zote achukue yeye. Mimi nisimame mlangoni. Anipe mtoto pale nimvushe kizingiti, kisha nimrudishie. Hatua moja, mwanangu. Niombee kwa Mboni hiyo hatua moja, wanawake wanione."