Mafuta Yakinyamaza, Opoa

Fundi wa kutengeneza cherehani alikuwa na sheria moja tu nyumbani kwake, na aliisimamia bila huruma. Jumapili saa kumi alasiri, akishatia kitunguu kwenye mafuta, mtu yeyote asiongee. Redio izimwe. Mlango wa uani usifunguliwe. Mwenye chafya yake atoke mapema akapigie huko nje, arudi akishamaliza.

Wageni walidhani ni mambo ya ibada. Hapana, zilikuwa bajia za vitunguu, na fundi alizikaanga kwa sikio. Wenzake hutazama rangi, lakini yeye rangi aliidharau: tia manjano kidogo kwenye unga, bajia mbichi inajitia imeiva. Saa nayo hakuiamini, kwa kuwa kitunguu cha leo si cha jana. Mafuta ndiyo yasiyosema uongo. Bajia zikiingia, yanapiga kelele, kwa sababu maji ya kitunguu yanafukuzwa. Kelele zikishuka zikawa mnong'ono, geuza. Yakinyamaza, maji yamekwisha, opoa. Bajia iliyoopolewa hapo inavunjika mdomoni kwa mlio ambao jirani wa pili anausikia na kukosa raha.

Matayarisho yake nayo hayakuwa ya mchezo. Vitunguu vyekundu, vikubwa, alivikata vyembamba kwa kisu alichokinoa mwenyewe, akavitia chumvi, akaviacha vitoe machozi yao robo saa. Kisha unga wa dengu, vijiko viwili vya unga wa mchele ili ziwe kavu, pilipili, giligilani iliyopondwa nusunusu. Maji hakuongeza hata tone. Maji ya kitunguu yanatosha, alisema, na anayeongeza mengine basi aseme tu kwamba anapika uji.

Hata mke alimpata kwa sikio. Miaka thelathini na moja nyuma alikuwa akipita kichochoroni na mkoba wake wa zana, akasikia cherehani ikifanya kazi nyuma ya dirisha, akasimama. Akabisha hodi. Akafungua msichana mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Dada, cherehani yako imelegea ndoano."

"Nani kakwambia?"

"Yenyewe."

Msichana alimkaribisha ndani kwa nia ya kumuumbua. Ndoano, ile inayonasa uzi chini ya sindano, ilikuwa imelegea, kiasi cha unywele. Fundi akaikaza. Kesho yake akarudi kuangalia kama imekaa sawa, na keshokutwa, na mtondo, hadi baba wa msichana akauliza kwa upole ni kipi hasa kilichoharibika humu ndani. Walioana kabla ya mwaka kwisha. Mke aliendelea kushona sare za shule chumba cha mbele, mume akifungua karakana yake barabara ya pili, na katika miaka yote hiyo mke hakuwahi kuinua sauti, hata kwa kuku. Alikuwa na sauti ya chini, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na fundi aliipenda kuliko vitu vingi alivyovipenda waziwazi.

Mwaka jana watu walianza kuongea ovyo. Ndivyo fundi alivyoona. Wateja wakawa wanamung'unya maneno, msoma taarifa ya habari akawa mvivu wa kufungua mdomo, ndege wa alfajiri wakahama mtaa. Ilimchukua miezi kukiri, na alikiri peke yake, bafuni, huku maji yakitiririka mbele yake bila sauti.

Karakanani hakuna aliyejua. Mafundi wote wana ujanja wa bisibisi: ncha unaigusisha kwenye mashine, mpini unaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, na ugonjwa wa mashine unakujia wenyewe. Fundi akaubana mpini kwa nguvu zaidi ya zamani, basi, kazi ikaendelea. Tatizo lilikuwa nyumbani, maana huwezi kumgusisha mkeo bisibisi. Huko alibuni njia nyingine. Akiona mdomo wa mkewe umecheza na sasa umetulia, alisema "Sawa."

Sawa ni neno zuri, ila lina gharama. Kwa sawa ya kwanza, sebule ilipakwa rangi ya waridi. Sawa ya pili ilikuja jioni moja mkewe alipokuwa akikunja nguo, amempa mgongo, akieleza jambo refu. Jumamosi iliyofuata akateremka shemeji, dada mdogo wa mkewe, na magodoro mawili, kabati la vioo na jogoo. Hakuja kutembea. Fundi alijikaza kisabuni, akabeba kabati. Mtaani shemeji huyo aliitwa Redio, na jina halikumwonea. Faida yake ilikuwa moja: huyu walau fundi alimsikia.

Kisha balaa likaingia kwenye karai.

Jumapili ya kwanza fundi alitia bajia, akasubiri kelele, na kelele hazikuja. Alisikia kamnong'ono kembamba, kwa mbali. Akageuza. Mara kimya. Akaopoa. Bajia zilikuwa na rangi nzuri ya manjano, na zilipotua kwenye sahani zikalala chali na kutandazika. Familia ikala. Hakuna kilichovunjika mdomoni mwa mtu.

"Vitunguu vya mvua," alisema fundi.

Jumapili ya pili aliulaumu unga, akabadilisha duka. Ya tatu akalaumu jiko, akalifungua, akalisafisha, akalifunga. Ya nne akanunua karai jipya, na bajia zikatoka laini kuliko zote zilizotangulia. Mkewe alitafuna polepole, macho kwenye sahani. Redio alinyanyua moja kwa vidole viwili, ikaning'inia.

"Shemeji, na hizi je? Tunakula au tunakunywa?"

"Kula chakula chako," dada yake akamwambia.

Baada ya vyombo kuoshwa, mkewe alivuta kiti akakaa mbele ya mumewe, uso kwa uso, karibu kabisa. Maneno mengine yalimpita fundi, lakini haya aliyasoma midomoni na kuyasikia pia, bahati mbaya.

"Jumapili ijayo nitakaanga mimi. Wewe pumzika."

Katika miaka thelathini na moja mkono wa mkewe haukuwa umegusa karai la Jumapili. Alilisema jambo hilo kwa huruma, na huruma ndiyo iliyomkata maini.

Fundi aliogopa. Tuseme ukweli, mtu mzima wa miaka sitini na miwili, mwenye koleo saba za saizi tofauti, aliogopa. Akipokonywa karai, itabidi isemwe kwa nini. Ikishasemwa, nani atamletea cherehani fundi kiziwi? Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Sikio ndilo lililomfungulia mlango kwa yule msichana wa dirishani. Sikio likiondoka, kilichobaki ni mzee mwenye mikono ya grisi na sebule ya waridi.

"Nipe Jumapili moja tu," alisema. "Zikitoka mbovu, karai chukua."

Mkewe akajibu kitu. Fundi akasema sawa.

Alhamisi aliletewa cherehani ya umeme iliyokuwa ikigonga kwa ndani. Mkono mmoja ulishika gurudumu, wa pili ukavuta kitambaa, na bisibisi ikakosa wa kuishika, kwa hiyo akauuma mpini kwa meno na kuielekeza ncha kwenye chuma. Sauti ikaingia kichwani mwake yote. Haikupitia sikioni, ilipanda kwenye meno, ikashika taya, ikafika. Alisikia mkanda, alisikia bobini, alisikia skrubu moja ndogo ikilalamika mahali pake. Akabaki ameinama vile kwa muda mrefu, macho yamemlowa. Mwenye cherehani, mama mmoja mwenye duka la mapazia, akadhani hitilafu ni kubwa mno, akaanza kuuliza bei ya mpya.

Jumapili ilipofika, fundi alikata vitunguu, akatia chumvi, akachanganya unga. Saa kumi kamili akatangaza sheria. Redio, yule wa umeme, akazimwa. Redio wa pili akakaa sebuleni, mkono mdomoni, akiteseka. Fundi akaurudisha mlango wa jikoni. Akachukua mwiko mrefu wa mti, akautuliza upande bapa kwenye ukingo wa karai, akainama, akauma mpini. Kwa mkono wa kulia akatia bajia ya kwanza.

Mafuta yakapiga kelele.

Zilikuwa kelele zilezile za zamani, na fundi alizipokea kama mtu aliyerudishiwa nyumba. Akatia ya pili, ya tatu, ya tano. Machozi yakamtoka; akasingizia vitunguu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Mnong'ono ulipoanza akageuza kwa kijiko cha matundu, shingo imepinda, mwiko menoni, udenda ukimtoka kidogo pembeni kwa kuwa mdomo wa mtu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kisha kimya, kile chenyewe. Akaopoa. Bajia ziligonga sahani kama changarawe.

Akatia mkupuo wa pili. Akainama tena.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kwa sababu alisahau kumpa bakuli la chumvi, akaita mara moja, akaita mara mbili, akaita jina alilokuwa akimwita enzi za uchumba, ambalo halikuwahi kukosa jibu. Sasa alimwona mumewe ameinamia karai la moto, ameuma mwiko, macho amefumba, anatabasamu. Akausogelea mkono wake, akaugusa.

Fundi akashtuka, akasimama wima na mwiko wake mdomoni. Hakuna uongo unaoweza kutungwa katika hali hiyo, na hakujaribu. Mkewe alimtazama, akautazama mwiko, akalitazama karai, na kila kitu cha mwaka mzima kikajipanga usoni pake: rangi ya sebule, magodoro mawili, jogoo.

"Tangu lini hunisikii?" aliuliza kwa sauti yake ya chini.

Fundi aliona mdomo umecheza na sasa umetulia. Akautoa mwiko.

"Sawa," alisema.

Mkewe hakucheka, ingawa mabega yalitikisika. Wala hakulia, ingawa ilibidi ajipanguse. Aliuchukua mwiko mkononi mwa mumewe, akaufuta mafuta kwa pindo la nguo yake, akaupuliza hadi ukapoa. Mpini akamrudishia fundi menoni, taratibu, kama anavyomtia mtoto kijiko cha dawa. Upande bapa akauweka kooni mwake mwenyewe, chini ya kidevu, akaubana kwa mkono. Halafu akasema.

"Fundi, bajia zinaungua."

Ikaja yote. Ikapita kwenye mti, ikashika taya, ikafika: ile sauti, na ule mkwaruzo mdogo mwishoni, ambao fundi alikuwa ameusahau na hakujua kwamba ameusahau. Akaganda. Bajia zilikuwa zinaungua kwelikweli. Moshi ulishaanza kutafuta dirisha.

"Jamani huko jikoni kuna kitu kinaungua!" akapasuka Redio kutoka sebuleni.

Shemeji alisikika vizuri, kama kawaida. Fundi akainua mkono kuelekea mlangoni kumkumbusha sheria ya Jumapili. Kisha akamgeukia mkewe na kumwashiria kwa kidole, arudie.

"Zinaungua," mkewe akasema.

Fundi akaashiria tena.