Buffalo Haikuitika

Kwenye maombi yetu ya familia hatukuita majina, tuliita miji. Kila Jumapili jioni, watu wakishakula na kabla ya kuanza kupiga pasi nguo za kazi, tulipiga namba moja ya simu iliyotukutanisha sote: mimi nikiwa Louisville, kaka yangu Columbus, na binti yake Buffalo, alikokuwa anasoma chuo. Kila simu ilipoingia ulisikika mlio mfupi. Kaka, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wetu tangu wazazi watangulie, aliita, "Louisville?" Nami nikajibu, "Nipo." "Columbus ipo," alijijibu mwenyewe, wiki zote, na wiki zote wifi yangu alicheka pembeni utadhani ni mara ya kwanza. Kisha akaita, "Buffalo?" Sauti ya mtoto wake wa pekee ikaja, "Nipo, baba." Hapo ndipo alipofungua Biblia.

Kaka alikuja Marekani, jimbo la Ohio, kusoma uchumi wa kilimo. Akasoma, akahitimu, akavaa joho, akapiga picha tukaituma nyumbani ikatundikwa ukutani. Kazi ya shahada ile haikupatikana, akaishia kuendesha lori la kusambaza vinywaji. Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini kukaa peke yako ndani ya lori kutwa nzima, theluji hii mpaka theluji ile, kunataka mwenzi, na mwenzi wake akawa redio. Kulikuwa na mtangazaji mmoja wa siasa, mhafidhina, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeongea mchana kutwa bila kuishiwa maneno. Kaka alimpenda kuliko wachungaji wengi.

Nilimsikia kwa mara ya kwanza nilipokwenda Columbus kuwatembelea, maana redio ile ilimfuata kaka hata kwenye gari lake la nyumbani. Nisiseme uongo, mwanzoni alinifurahisha. Alizungumza habari za baba kukaa na kulea watoto wake, za mtu kula jasho lake, za kumcha Mungu bila kuona haya. Ndiyo mambo mama yangu aliyonilea nayo, na kule kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee pale Shively, hakuna aliyethubutu kuyasema kwa sauti. Nikawa natikisa kichwa kukubali. Halafu akageukia wageni. Wamezidi, alisema, wanakuja kula tu, hawataki kuwa Wamarekani. Nikamtazama kaka. Aliendelea kushika usukani kama kawaida.

"Hasemi sisi," aliniambia. "Sisi tulikuja na karatasi zetu. Anasema wale wengine."

"Kwani yeye akituona barabarani atajua tofauti?"

"Anajua," kaka alijibu, kwa uhakika wa mtu anayemzungumzia jirani yake wa miaka mingi.

Kilichomwasha zaidi mtangazaji yule ni watu maarufu wanaojitia kwenye siasa: waigizaji, waimbaji, wachezaji wanaopiga goti wimbo wa taifa ukiimbwa. Hao aliwachambua kama karanga. Alikuwa na usemi wake kwamba wakipanda jukwaani kutetea wanyonge, huwapanga vijana nyuma yao kama maua ya plastiki, wapendezeshe picha. Kaka alicheka sana kwa hilo. Likawa neno lake pia. Alilisema nyumbani, alilisema kanisani, na mara moja alilisema kwenye harusi ya watu, akimaanisha wasimamizi.

Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa ameletwa Marekani akiwa mdogo, Kiswahili chake kina mabaka ya Kiingereza, lakini alikuwa na moyo wa kujitolea. Chuo chake kilikuwa Amherst, kitongoji cha Buffalo, na kila Jumamosi alipanda basi kwenda mtaa wa East Side mjini kuwafundisha kusoma watoto wa familia za Kikongo waliotoka kambi za wakimbizi. Mwaka ule wa uchaguzi akaja mwigizaji mmoja mkubwa, mwanamke, kuhutubia chuoni kwa ajili ya wakimbizi. Binti akachaguliwa kusimama naye jukwaani.

Mimi mwigizaji yule hakunigusa. Niliziona picha baadaye. Alikuwa amevaa kitenge ambacho bado kina mikunjo ya dukani, ameshika mkono wa mama mmoja wa Kikongo, na macho yake yako kwenye kamera. Aliruka na ndege siku hiyohiyo. Basi, na huyo naye simtetei.

Jumapili iliyofuata, kaka alipofika kwenye shukrani, kila mji ukasema lake. Zamu ya Buffalo, binti akaanza kusimulia, sauti imejaa furaha. Alisimama jukwaani, watu walijaa mpaka nje, na yeye alipewa nafasi ya kusema maneno machache kabla ya mgeni. "Nataka niwaambie nilisema nini," alisema.

Sasa, kwenye laini ile, mtu akitaka kukohoa au kumsemesha mtu wa nyumbani, hubonyeza nyota na sita, sauti yake ikafungwa. Akibonyeza tena, inafunguka. Sote tuliotoka kwetu na tunaoombea simuni tumewahi kuumbuka kwa nyota na sita: mwingine amesikika akikoroma katikati ya zaburi, mwingine akigombana na mkewe juu ya dagaa. Kaka alikuwa ameshafunga sauti yake mapema ili apige chafya. Akasahau. Alipotaka kuongea na wifi, akabonyeza tena, na akadhani amefunga.

Tukamsikia wazi kama yuko chumbani kwangu. "Msikie huyo," alimwambia mkewe. "Naye wamempanga nyuma kama ua la plastiki. Nimevunja mgongo asome, kumbe nasomesha pambo."

Wifi akasema, "Baba, simu." Halafu kaka akakohoa, akasema, "Haya, tuombe." Akaomba. Ile Neema tunayoisema pamoja mwishoni tuliisema wawili tu, mimi na yeye. Wifi alikuwa analia.

Jumapili iliyofuata kaka aliita, "Buffalo?" Buffalo haikuitika. Akangoja, akaendelea. Wiki nyingine vilevile. Nilimpigia binti mwenyewe, akapokea kwa adabu, akaniuliza habari za kazi na za magoti yangu, na nilipomtaja baba yake akasema ana mtihani. Kaka naye nilimwambia, "Mpigie mtoto, mwambie pole, yaishe." Akanijibu kwamba mzazi hapigi magoti. Nilimwambia kwamba neno pole halihitaji magoti. Tulinuniana kidogo kwa hilo.

Lakini kulikuwa na jambo. Simu zetu zilikuwa tatu. Kaka ndiye aliyefungua laini, mimi nikaingia ukasikika mlio wangu, na baada yangu, wakati kaka anatafuta mstari wa Biblia, ukaja mlio mwingine. Hakuna aliyesema neno. Nilidhani masikio yangu yananidanganya. Jumapili iliyofuata ukaja tena, na iliyofuata tena. Mtu alikuwa anaingia, anafunga sauti, na anatusikiliza mpaka Neema.

Nilikwenda Columbus wakati majani yameanza kuanguka. Kaka alikuwa amepungua, mashati yanamning'inia, lakini alisema ni kazi. Tulipokuwa wawili tu jikoni nikamwambia, "Kaka, kuna mlio mmoja hauna mwenyewe."

"Nausikia," alisema. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso. "Tangu wiki ya kwanza nausikia."

"Basi msemeshe."

"Nikimsemesha atakata." Akaosha kiazi, akakitazama, akakiosha tena. "Acha asikilize. Angalau najua ni mzima."

Hapo nilielewa kwa nini maombi yake yalikuwa yamebadilika. Siasa alikuwa ameziacha kabisa kwenye laini, yeye ambaye zamani aliwaombea wagombea kama jamaa zake. Alisoma taratibu, kwa Kiswahili chepesi, na maneno magumu aliyaeleza, ingawa mimi na wifi tuliyajua. Aliuombea mji wa Buffalo barabara zake zisiteleze, mabasi yake yaje kwa wakati, wanafunzi wake wapate chakula cha moto. Kila kitu alimwombea ila kumwomba msamaha. Na redio hakuizima. Kesho yake asubuhi nilimsikia gereji anawasha gari, na yule mzee wa sauti ya kukwaruza akaanza kufoka.

Moyo wa kaka ulisimama siku ya kazi, mchana, kwenye maegesho ya kituo cha mafuta nje kidogo ya mji. Aliweza kuliegesha lori vizuri, katikati ya mistari. Walioenda kumtoa walimwambia wifi kwamba injini ilikuwa inaunguruma na redio inaongea. Nilipoambiwa hilo nilipata hasira ambayo mpaka leo sijui niipeleke wapi. Yule mtangazaji aliendelea na kipindi chake. Yule mwigizaji alikuwa mahali fulani anapigwa picha. Hakuna kati yao aliyejua kwamba tuliwahi kuwepo, na sisi tulikuwa tumeigawa nyumba yetu kwa ajili yao.

Binti alikuja mazikoni kwa gari la mama mmoja wa Kikongo wa East Side, aliyefundishiwa wanawe. Tulimkumbatia. Alisimama kaburini na koti la baridi asilolifunga. Mama yule ndiye aliyenivuta pembeni wakati watu wanakula.

"Shangazi, miye nakuambia kweli," alisema. "Kila siku ya Mungu, Jumapili, huyu mutoto alikuwa anakuya kwangu. Anaweka telefone juu ya meza, anasikilizaka, haongeake. Donc nikamuuliza, unasikilizaka nani? Anasema, baba. Nikamuambia, bon, umuitike. Anasema, hapana, nangoya aseme pole."

Niliomba maji. Baadaye nilimkuta mpwa wangu gereji, amekaa ndani ya gari la baba yake upande wa abiria, mlango wazi. Nikamuuliza kile alichotaka kutuambia siku ile, yale maneno aliyosema jukwaani.

"Walisema tuongee kuhusu shujaa wetu," alisema. "Wenzangu wote walimtaja yule mwigizaji. Mimi nilimtaja baba. Nilisema ana degree na anaendesha truck kwenye snow ili mimi nisome, na Jumapili ananiita kwa simu." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Shangazi, watu walisimama. Walimpigia makofi baba."

Nilikaa kwenye kiti cha dereva, tukatazama ukuta wa gereji mpaka wifi alipotuita.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi makwetu, wifi nilikuwa nimemchukua akae nami Louisville, kwa hiyo Columbus haikuwa na mtu. Mkubwa sasa ni mimi. Nilifungua laini, wifi kando yangu na Biblia ya kaka mapajani. Ukaja mlio mmoja.

"Louisville ipo," nilisema. "Buffalo?"

"Nipo, shangazi."

Ilikuwa sauti ya karibu sana. Wifi alifunika mdomo kwa khanga. Nikafungua Biblia nianze kusoma.

"Shangazi," binti alisema, "hujaita Columbus."

"Columbus hakuna mtu, mwanangu."

"Najua. Ita tu."

Nikaita. Kisha tukangoja, kama binti alivyokuwa akimngoja baba yake.