Salamu Maria Kumi kwa Samaki wa Bahari

Kabla ya yote naomba mnivumilie. Nilisoma shule ya msingi tu, na hata huko nilikuwa wa mwisho kumaliza imla. Herufi zangu hulala upande kama nyasi baada ya mvua, na pengine nimeweka r mahali pa l. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenichukua asubuhi nzima. Lakini vijana wawili walioingia katika kazi yangu ya zamani waliniuliza, baada ya misa, jinsi tulivyotibu samaki wakati wa vita bila vifaa. Nikashindwa kuwajibu kwa mdomo, kama kawaida yangu. Basi nawaandikia wao, na yeyote mwingine anayefuga samaki katika matangi ya vioo.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa. Kituo chetu kilikuwa ufukweni mwa ziwa Tanganyika, upande wa barabara ya Gatumba. Wapiga mbizi walikamata samaki wadogo wenye rangi, samaki hao wakakaa kwetu majuma matatu, kisha wakapakiwa ndegeni kwenda Ulaya, ambako watu huwaweka sebuleni na kuwatazama. Siku ya kwanza nilitoka kwetu, mtaa wa Cibitoke, kwa miguu, nimevaa kitenge cha mama yangu, nimejipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa. Mlangoni alisimama mkuu wa ukumbi wa karantini, mzee mfupi mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Wote tulimwita Chef. Hakuniuliza jina.

"Leta mikono," alisema. Akainusa kama mtu anayenunua samaki sokoni. "Umejipaka nini?"

Nilimwonyesha kiwiko kinachong'aa.

"Mafuta ya duka, eh? We mwana, hii mafuta itapanda juu ya maji, samaki watakosa pumzi. Enda ziwani, jisugue na muchanga mpaka ngozi ilalamike. Sabuni apana!"

Nilijisugua mpaka nikarudi na viganja vyekundu. Ndipo aliponipa kazi.

Karantini maana yake ni kumtenga mgeni mpaka ujue amekuja na nani. Samaki anaweza kuingia mzuri, anakula, anacheza, kumbe ana wadudu kwenye mashavu, pale anapopumulia. Ukimchanganya na wenzake siku hiyo hiyo, baada ya majuma mawili unazika wote. Kwa hiyo kila tangi lilikuwa na wavu wake, kikombe chake na kitambaa chake, vyote vimefungwa uzi wa rangi moja. Ukichovya wavu wa uzi mwekundu kwenye tangi la uzi wa kijani, Chef alikutuma kuchemsha nyavu zote za ukumbi, hata kama jua lilikuwa kali namna gani. Kulikuwa pia na daftari. Kila dawa, kila kipimo, kila muda uliandikwa humo, na aliyefanya akaweka herufi ya jina lake. Yangu ilikuwa G, ya Goreti.

Samaki wa ziwa tuliwatibu kwa chumvi. Unamtia kwenye beseni la maji ya chumvi kwa muda mfupi, wadudu wanashindwa kuvumilia, wanamwachia. Hilo nililijua vizuri baada ya mwaka mmoja. Kisha Patron, mwenye kituo, akatuletea kazi mpya. Mgahawa mmoja mkubwa mjini ulikuwa na tangi refu ukutani, lenye samaki wa bahari. Waliletwa kwa ndege kutoka pwani, na Patron alichukua mkataba wa kuwatunza na kuwapitisha karantini wageni wao. Tulikoroga maji ya bahari wenyewe, kwa magunia ya chumvi maalumu na kipimo cha kioo kinachoelea, na nikaambiwa mimi ndiye nitakayeshika tangi la karantini la bahari.

"Na hao tunawatibu na nini?" nilimuuliza Chef. Nadhani lilikuwa swali langu la kwanza kwa mwezi ule.

"Eh! Bubu ameongea!" alicheka. "Wa ziwa tunampa chumvi, sivyo? Basi wa bahari tunampa ziwa. Kila mutu dawa yake iko kwa jirani."

Ndivyo ilivyo. Samaki wa bahari huwa na mnyoo bapa, mdogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, asiyeonekana kabisa kwa sababu mwili wake ni kama maji. Hukaa juu ya ngozi, kwenye mashavu na machoni, akila. Dalili yake ni samaki kujikuna kwenye mawe na kupumua haraka. Unachukua maji ya ziwa yaliyochujwa, unayaacha yalingane joto na tangi lake, unayamimina katika beseni jeusi, unamtia samaki. Maji yasiyo na chumvi yanamwingia yule mnyoo mpaka anageuka mweupe na kudondoka. Beseni ni jeusi ili umwone. Baada ya hapo samaki anakwenda tangi jipya, safi, kwa sababu mnyoo ametaga mayai katika lile la zamani. Baada ya juma moja unarudia.

Muda ndio kazi yenyewe. Ukizidisha, unamuua samaki. Ukipunguza, mnyoo anabaki. Nasi hatukuwa na saa. Ile ya ukutani iliibwa katika juma ambalo barabara zilifungwa na hakuna aliyefika kazini. Saa za mkononi tuliziacha nyumbani, maana kwenye vizuizi vya njiani saa ilikuwa mwaliko wa kuvuliwa na viatu pia. Siku moja Chef aliona rozari ya mama yangu shingoni mwangu.

"Hiyo, Salamu Maria kumi zake ukisali bila mbio, ni dakika ngapi?"

Tulikwenda kwa mlinzi wa bandarini aliyekuwa na saa, nikasali mbele yake, uso ukiniwaka. Zilikuwa dakika nne. Chef akaitundika rozari kwenye msumari juu ya beseni.

Selemani, dereva wetu kutoka Buyenzi, alishika kiuno kwa kicheko. "Chef, we si mupentekoste? Leo unasalia samaki rozari!"

"Mi ni mupentekoste, lakini hii saa haiishe betri. We utaleta nini?"

"Tasbihi yangu iko na shanga tisini na tisa. Samaki atatoka ameshakauka!"

Basi tukafanya kazi kwa Salamu Maria kumi, na haikukosea hata mara moja.

Kisha vikwazo vya biashara vikawekwa juu ya nchi yetu na ndege zikakoma. Samaki wa ziwa hawakuwa na pa kwenda, wapiga mbizi wakaketi. Kilichobaki cha kututunza watu tisa kilikuwa mkataba wa mgahawa ule. Katika ndege ya mwisho kutoka pwani walikuja samaki wanne: vipepeo watatu na malaika mmoja mkubwa, wa bluu, mwenye mistari ya njano kama iliyochorwa kwa rula. Patron alitukusanya ukumbini.

"Sikieni. Ndege ingine haiko. Lile tangi la mgahawa likifa, mkataba umekufa, na mi nafunga hii nyumba. Wote nyumbani. Mumesikia?"

Tulisikia. Nyumbani kwa Chef, kule Gihosha, walikuwa wanalala watu kumi na mmoja waliokimbia kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu Cibitoke mshahara wangu ndio uliokuwa sufuria.

Bafu la kwanza, yaani kule kuwatia katika beseni jeusi, Chef alilisimamia mwenyewe. Siku ya bafu la pili hakufika. Milio ya risasi ilikuwa inatoka mlimani tangu alfajiri, njia yake ilifungwa. Nilikuwa peke yangu ukumbini. Vipepeo walipita salama, kumi kumi. Nikamtia malaika.

Kwenye Salamu Maria ya pili alilala ubavu.

Chef alikuwa amenifundisha: samaki wa bahari katika maji ya ziwa huweza kulala, ni mshtuko, msubiri, mtazame mashavu, yakiendelea kupumua endelea kusali. Nilijua. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimepita barabarani nikaona mtu amelala ubavu vile vile, na nilikuwa nimepita bila kusimama. Nilipomwona malaika, mikono yangu haikuniuliza. Nikamtoa. Beseni jeusi lilibaki jeusi, hakuna kilichodondoka. Nikamweka katika tangi safi, akasimama, akaogelea. Nikafungua daftari, na katika safu ya muda nikaandika: kumi. Nikaweka G.

Kesho yake Chef alirudi, akasoma daftari, akasema, "Vizuri, mwana." Siku sita nilijiambia nitamweleza baada ya kulisha, baada ya kubadilisha maji, atakapokuwa peke yake. Siku ya nne niliona malaika anajikuna kwenye bomba. Siku ya tano jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu. Nikajiambia ni mwanga.

Siku ya sita, saa za mchana, Patron akaja na gari. Mgahawa ulikuwa na wageni wakubwa jioni ile, ukataka samaki wapya waonekane. Selemani aliacha injini inanguruma, kwa sababu ilibidi warudi kabla ya amri ya kutotoka nje.

"Bado siku nane, Patron," Chef alisema.

"Daftari inasema nini? Mabafu mawili, yote kamili. Wanakula? Wanakula. Pakia."

Chef aliangalia daftari, akashusha pumzi, akachukua mfuko. Alitegemea ile G yangu. Nilisimama kati yake na tangi. Nilifungua mdomo, na kama kawaida hakikutoka kitu.

"Dada, toka njiani," alisema Patron.

Nilichukua daftari mezani. Nilichukua kalamu. Nikaanza kuandika, na mnajua sasa jinsi ninavyoandika. Patron alipiga kiganja ukutani. "Ni nini hii? Anatunga barua? Saa inaenda!"

"Muache aandike," alisema Chef.

"Chef, mi nasema..."

"Patron, huyu mwana nimekaa naye miaka mitatu. Muache aandike."

Selemani alizima injini. Sijui nani alimwambia. Niliandika: Malaika hakukaa kumi. Nilimtoa kwenye ya pili. Nilidanganya. Ana mnyoo. Nikamwinulia Chef daftari. Alisoma, akasoma tena. Nilingoja anipige au anifukuze. Alirudisha mfuko juu ya rafu.

"Samaki hawatoki."

"Nani amesema?"

"Goreti amesema."

"Goreti? Huyu haongeagi!"

"Leo ameongea."

Patron alitaka kujua nitalipa vipi aibu yake mbele ya wageni. Chef akamwomba kitu kimoja: akae muda wa Salamu Maria kumi, atazame beseni. Alikubali kwa hasira, mikono kifuani. Chef alichota maji, akayapima joto, akaniambia mimi nimtie malaika na mimi nisali, kwa sauti. Kwenye ya pili akalala ubavu. Mikono yangu ikaenda. Chef alinishika kifundo cha mkono, bila nguvu, na akaanza kusali pamoja nami, yule mpentekoste, maneno yote anayajua. Kwenye ya tano kilidondoka kimoja, cheupe. Kisha viwili. Kwenye ya nane beseni jeusi lilikuwa kama limemwagiwa ufuta.

"Hizo zote zingeingia mgahawani?" Patron aliuliza, chini chini.

"Na watoto wao," alisema Chef.

Malaika alikwenda tangi safi, akalala chini kwa muda ambao sitausahau, kisha akanyooka. Vipepeo nao tuliwarudia. Patron aliondoka na gari tupu, na sijui aliwaambia nini wageni. Kesho yake alileta saa mpya ya ukutani. Chef aliitundika, na chini yake akaiacha rozari mahali pake.

Adhabu yangu ilikuwa kuchemsha nyavu zote kwa mwezi mmoja. Samaki walikaa majuma mengine matatu, wakaingia mgahawani wazima, na kituo kikatutunza watu tisa mpaka ndege ziliporudi. Ila jicho la kushoto la malaika halikupona. Lilibaki jeupe. Kila nilipokwenda kusafisha tangi la mgahawa, aligeuka kunitazama kwa lile la kulia. Kumtoa kwa huruma hakukumnyima jicho, maana Chef angelirudia bafu kesho yake kama angelijua. Jicho lile lilikwenda katika siku zile sita nilizonyamaza.

Chef alirudi Uvira kabla vita havijaisha. Alinirudishia rozari siku aliyoaga, nikamwambia akae nayo, akakataa: "Kule nitapata saa. We baki na hii, mikono yako bado ina haraka." Nilifanya kazi katika vituo vingine viwili, chini ya wakuu wenye vyeti na vipima-muda vinavyolia, mpaka macho yangu yakashindwa kuona mnyoo hata juu ya beseni jeusi. Hapo nikaacha. Nimefundisha wengi, na kila mmoja nilimwambia neno moja kabla ya kumpa wavu: ukikosea, andika ulivyokosea, siku hiyo hiyo, katika safu ile ile.

Nanyi mnaoifanya kazi hii leo, niandikieni. Niambieni samaki akilala ubavu mnafanyaje, na mnahesabu kwa kitu gani. Na kama kuna kosa mlilolificha katika daftari, niandikieni hilo kwanza. Msiogope mwandiko mbaya, wala msiharakishe. Mimi pia husoma polepole.