Jiko la Nzilani Lapimwa na Wageni

Nzilani aliolewa Kalamba akitoka upande wa Kitui, na zawadi aliyokuja nayo ni mikono inayoelewana na udongo. Mama yake alifinyanga nyungu. Watu walipohamia sufuria, Nzilani hakukaa kulia. Aliuchukua udongo uleule akaugeuza majiko ya kuni, mazito, manene, ya kukaa chini kama mama aliyeshiba. Siku hizi ukipiga hodi nyumba yoyote karibu na soko, jiko utakalokuta limewaka ni lake. Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, alimshukuru Mungu kwa hayo majiko, maana ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha mwanawe Ben chuoni, mjini Wote.

Ndipo ukaja mswada. Kaunti ilitaka kila jiko linalouzwa lipimwe kwanza, lijulikane kama linabana kuni. Likishindwa, lisionekane sokoni.

Soko likagawanyika. Diwani Musyimi alisimama nje ya kanisa baada ya ibada, Biblia kwapani, akapaza sauti. "Barabara wameshindwa! Maji ya mfereji wameshindwa! Sasa wanataka kuingia jikoni kwa mama!" Watu wakapiga makofi. Lakini kina mama wanaobeba kuni kwa mgongo hawakupiga sana.

"Yeye anakula tu, moshi anaujulia wapi?" Kasiva alinong'ona. Kasiva alikuwa jirani ya Nzilani, na kifua chake kilikohoa hata wakati wa maombi. "Mimi vipimo navitaka. Si vya jiko lako, mama Ben. Lako ni zuri. Vya yale ya watu wengine."

"Na langu likianguka je?"

"Aiya! Litaangukaje na limekaa chini hivyo?"

Nzilani alicheka, lakini usingizi ulikuwa umempungukia. Alijua vilima vilivyokuwa na miti alipokuja kama bibi arusi sasa vina mawe tu. Kwa hivyo hakuona ubaya wa kupima. Ila jiko lake likikataliwa, Ben angerudi nyumbani na begi lake, na yeye Nzilani angefinyanga nini tena?

Siku ya maoni ya wananchi, watu walikutana kwenye uwanja wa kanisa. Kutoka Wote alikuja afisa mmoja wa kaunti, Shiru, msichana wa kutoka Nyeri mwenye adabu, aliyesalimia kila mzee kwa mikono miwili. Alileta mizani. Hakutaka kuchemsha maji matupu. Alisema kipikwe chakula cha hapa. Basi muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ikawekwa na maharagwe ndani ya sufuria, juu ya jiko la Nzilani. Kuni zikapimwa, zikarundikwa kando. Muthokoi ikiiva, zitakazobaki zitapimwa tena.

Moto ukawaka vizuri. Nzilani akaitwa kwenye hema atoe maoni, na kwa kuwa ni mtu wa aibu, alichukua muda mrefu kusema maneno machache. Aliporudi, muthokoi ilikuwa imeiva kabisa. Lakini lile rundo la kuni! Vilibaki vijiti vya kuchokoa meno.

Shiru akapima, akapima tena. "Pole, mwaitu," alisema, maana alikuwa ameshajifunza kuwaita mama kwa Kikamba. "Limekula sana. Haliwezi kupita."

Nzilani akakaa kwenye benchi.

"Mnaona?" Musyimi akaruka juu. "Mama yetu anafukuzwa sokoni mchana kweupe!"

"Lakini kuni zimeendaje?" Nzilani aliuliza polepole. "Jiko hili nalijua. Nani alikuwa hapa?"

Kasiva akashika kanga yake. "Mimi nilipita kuusalimia moto. Nilitia kamoja tu."

"Na mimi kamoja," akasema Mbithe wa duka.

"Mimi viwili," akadakia mwingine. "Nilikuwa na mama mkwe, ningetia kimoja angenionaje?"

Kumbe wote! Huko Kalamba mwanamke hawezi kuingia mahali pa sufuria inayochemka akasimama kama nguzo. Anatia kijiti motoni, ndipo anakaa. Asipotia, watasema amekuja kula tu. Na siku hiyo, karibu kina mama wote wa kanisa walikuwa wamepita.

"Hata mheshimiwa alitia!" mtu akapiga kelele. "Tena gogo!"

Musyimi akakohoa. "Niliona moto unalegea. Nilikuwa nasaidia mwananchi."

Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Shiru alicheka hadi akafuta macho. Nzilani akapata tumaini. "Basi tupime tena, binti yangu, bila watu."

Shiru akatikisa kichwa kwa upole. "Mwaitu, nyumbani wageni hawatakuja?"

"Watakuja."

"Na watatia kuni?"

"Watatia tu."

"Basi jiko lako lazima liwaweze wageni. Angalia mdomo wake, unaingiza gogo la mheshimiwa. Nitarudi mwezi ujao."

Nzilani alienda nyumbani. Aliomba, kisha akakanda udongo. Jiko la kwanza alilipunguza mdomo, likatoa moshi kama treni. Akalivunja. La pili lilipasuka kwenye moto wa kuchomea. La tatu lilipokauka, mume wake Mulwa aliinama akachungulia.

"Mdomo huu ni wa mtu anayefukuza watu."

"Haufukuzi watu. Unafukuza magogo."

"Mama yangu angekuja hapa angerudi kwao."

"Mama yako angepata muthokoi mapema," Nzilani akamjibu, na Mulwa akaenda kumtafutia kuni nyembamba.

Shiru aliporudi, uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Safari hii Nzilani aliita watu kwa makusudi. "Karibuni motoni! Piteni!" Wakapita. Kila mkono ulienda kwenye kuni, ukafika mdomo wa jiko, ukakuta vijiti viwili vimeshajaza nafasi, ukarudi.

"Sasa mimi nikae hapa na mikono mitupu?" Kasiva alilalamika.

"Chambua hiyo sukuma wiki."

Akachambua, na waliomfuata wakachambua, mpaka mboga zikawa tayari kabla ya muthokoi. Na muthokoi ilipoiva, rundo la kuni lilikuwa bado na tumbo. Shiru alisoma mizani, akainua kichwa. "Limepita."

Vigelegele vikapaa. Nzilani alifunga macho, midomo ikicheza bila sauti.

"Na maoni yako kuhusu mswada?" Shiru akamuuliza. "Mara ya kwanza ulisema hujui."

"Vipimo viwepo," Nzilani alisema, na sauti haikutetemeka. "Lakini mje mpimie huku, na sisi tukiwa ndani. Na atakayeanguka apewe nafasi ya kurudia kama mimi."

Musyimi alisimama, akasafisha koo. "Mimi bado napinga," alisema. Kisha akamwinamia Nzilani. "Mama Ben, hilo lenye mdomo mdogo, utanifinyangia lini? Mke wangu ameniambia nisirudi bila jibu."

"Kula kwanza, mheshimiwa," Nzilani alimwambia, akimpakulia. "Chakula kinapoa."