Salamu kwa Mtu Aliyevua Nguo

Nakumbuka siku niliyotumbukia bwawani na taulo za wateja mkononi. Cheka tu, mwanangu, hata mimi nacheka.

Nilikuwa kijana, nimetoka Tanga juzijuzi, niko kwenye majaribio ya kazi katika nyumba ya kuogea kule Randburg, Afrika Kusini. Mwenyewe aliijenga kwa mtindo wa Warumi wa kale: chumba cha uvuguvugu, chumba cha joto kali, kisha bwawa la maji baridi. Warumi, nasikia, walioga pamoja, tajiri na mchuuzi, wakipakwa mafuta na kukwanguliwa uchafu kwa chuma kilichopinda, huku wanapeana habari za mji. Na wateja wetu, siku ya wanaume, walikuwa vivyo hivyo: watupu, wanapiga soga, hawana habari.

Mimi sasa! Kwetu mtu haogi mbele ya watu bila kikoi. Nikawa nagawa taulo nimegeukia ukutani, natembea kinyumenyume. Mzee mmoja wa Kizulu alinisalimia, nikamjibu kwa kisogo. Akakasirika, akasema namdharau. Nilipojaribu kumkwepa, chubwi! Bwawani, mimi na taulo zote. Meneja akaniambia nibadili nguo niende zangu.

Papa Mulumba, Mkongo wa Lubumbashi aliyetusimamia, akaniombea nafasi nyingine. Kisha akanivuta pembeni.

"Petit, unaangaliaka ukuta juu ya nini? Ukuta njo utakulipa? Mutu akivula manguo, umuangalie mu uso, umusalimie. Njo heshima."

Nikarudi kwa yule mzee, nikamtazama usoni, nikamsalimia kwa Kizulu. "Sawubona, baba." Akaniuliza kama maji yalikuwa baridi, tukacheka wote. Kazi nikaipata.

Nimekuita kwa sababu ya rafiki yako Juma. Tangu afukuzwe kazi, ukimwona pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, unavuka barabara. Najua humdharau, unaona haya, hujui useme nini. Lakini yeye anaona kisogo chako tu, na roho inamuuma. Mwanangu, mtu aliyevuliwa na maisha usimkague alichopungukiwa, wala usimkimbie. Mtazame usoni, msalimie, kaa naye mnywe chai.

Mola akujalie haya isiyoumiza watu, na siku ikikufika wewe, akuletee wa kukuita kwa jina lako. Haya, nenda. Juma yuko hapo chini kwa kinyozi, peke yake.