Kipimo Changu Kilikuwa Ulimi

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia sokoni. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kiwanda changu cha sabuni hapa Machakos nilikijenga kwa mikono yangu. Tulichemsha sabuni kwa kuni, na mimi niliipima kwa ulimi. Ikiuma, kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, bado ni kali. Ikinyamaza, uza.

Juzi Mwende, msichana niliyemwajiri kwa kemia yake, alileta njia mpya isiyotaka moto. Akasema, "Mzee, kwa ndoo moja imekubali. Kwa pipa zima bado haijakomaa. Tungoje."

Nikaramba sabuni ya pipa. Kimya. Nikamuuzia Mama Hoteli, mteja wangu mkubwa.

Wiki haikuisha, akairudisha yote kwa gunia. "Wasichana wangu wa kuosha vyombo wametoka ngozi mikononi! Nitafute fundi mwingine?"

"Mikono yao ni laini sana," nikamjibu, nikaramba kipande mbele yake. "Unaona? Haiumi."

Mwende akatuacha hapo. Aliingia jikoni kwa mke wangu, na chai ikaletwa. Nilikuwa nimefika nusu kikombe mke wangu alipouliza, "Baba Musyoka, sukari imetosha?"

"Imetosha kabisa. Hii ndiyo chai."

"Sukari sijaweka. Hiyo ni chumvi."

Mwende akasema polepole, "Kostiki ilikula huo ulimi zamani, mzee. Hauwezi kupima kitu."

Mama Hoteli akaweka kikombe chake chini. "Hebu utoe nje tuuone."

Na mimi, mzee mzima mwenye kiwanda, nikautoa.